Mstari Mweupe Chini ya Mkate

Asubuhi ile nilikuwa na mikate kumi na miwili kwenye kapu, nimeifunika kwa shuka jeupe, na nilikuwa najivuna. Naanza hapo kwa sababu sipendi kuzungushana. Mtu akikosea aseme alikuwa amesimama wapi alipokosea. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiburi changu.

Mikate ilikuwa ya Ba. Ba ni mama kwa lugha ya nyumba ile ya Wahindi, na kila mtu alimwita hivyo, hata sisi wafanyakazi, hata muuza mboga wa langoni. Nilimfanyia kazi Westlands, Nairobi, miaka kumi na mmoja, kwanza kulea wajukuu wake, baadaye jikoni. Niliingia pale nimetoka magharibi mwa Kenya na begi la karatasi, darasa la tatu, Kiswahili cha kubahatisha. Nilitoka nikiwa fundi wa mikate. Wako wanaosema nyumba za Wahindi zilitutumia tu. Zilitutumia, ndiyo. Na mimi nilizitumia.

Ba hakuwahi kula nyama tangu azaliwe. Wala samaki, wala yai. Walikuwa wa lile dhehebu lao ambalo mtu haui hata sisimizi. Nimemwona kwa macho yangu akihamisha sisimizi kutoka kwenye sinki kwa kipande cha gazeti, mmoja mmoja, na mimi nangoja kuosha vyombo. Viazi na vitunguu hakugusa, kwa sababu ukiving'oa unasumbua vinavyoishi ardhini. Hamira hakutaka, alisema ni kitu kilicho hai. Chakula kilicholala hakula. Halafu mumewe alipougua akaweka nadhiri kwamba akipona ataacha maziwa maisha yake yote. Mume akapona, akaishi miaka mingine sita. Ba akaacha maziwa, siagi, samli, mtindi, kila kitu kinachotoka kwa ng'ombe. Mume alikufa baadaye lakini nadhiri haikufa. Aliniambia nadhiri si ya mume, ni ya mdomo wake.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwokea mkate gani?

Tulimtafutia, mimi na yeye. Yeye hakujua kusoma Kiingereza na mimi sikujua kusoma vizuri chochote, kwa hivyo hakukuwa na kitabu. Kulikuwa na kikombe kimoja cha enameli kilichobanduka mdomoni, na kidole cha Ba. Vikombe viwili vya unga wa ngano. Tende kikombe kimoja, zimetolewa kokwa, zimelowekwa kwenye chai ya rangi ya moto mpaka zilegee. Zabibu kavu konzi moja. Korosho zilizokaangwa bila mafuta, zikavunjwa kwa chupa, si kusagwa. Sukari nguru, ile ya kwetu magharibi, ya rangi ya udongo. Mafuta ya mahindi robo kikombe. Beking pauda, na mwisho kabisa ndimu. Ndimu ikiingia, unga unaanza kutoa povu kama umekasirishwa, na hapo huna muda. Mkate huu haukandwi wala hauumuliwi. Koroga mara kumi na mbili, mimina, tia ovenini. Ukikoroga mara ishirini unatafuna soli ya kiatu. Mikate minne ya mwanzo ilikuwa soli ya kiatu, na Ba aliila yote minne, kwa sababu chakula hakitupwi. Wa tano alikula polepole. Halafu akasema, "Hii sasa mkate." Hajawahi kunisifu zaidi ya hapo.

Nilipoacha kazi pale nilienda mtaa wa Satellite, nikakodi chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mabati, meza mbili, na oveni ya makaa niliyotengenezewa kwa pipa. Niliuza mikate ya kawaida, skonzi na keki za vipande. Watu wa pale ni watu wa kazi, wanataka kitu kizito cha kushikilia tumbo mpaka jioni. Mikebe ya kuokea nilitengenezewa na fundi wa mabati. Alinipa na mafunzo, bila kumwomba.

"Mkebe mpya ni kama bibi arusi, mama," akaniambia. "Usipoupaka mafuta utakushika usikuachilie."

Mafuta aliyosema yalikuwa ya Dagoretti. Kule kwenye machinjio walikata yale mafuta meupe ya kwenye figo za ng'ombe, wakayauza bei ya chini kabisa, na kila mwokaji wa upande wetu alikuwa na kopo lake. Unayayeyusha, unapaka mkebe ndani, unauweka kwenye moto mpaka ugeuke mweusi. Unarudia. Baada ya mwezi mkebe unang'aa kama kiatu cha askari na mkate unatoka wenyewe, huhitaji hata kugonga. Nilifanya hivyo miaka mitatu, kila siku isipokuwa Jumapili. Wateja wangu walikula na kurudi. Sikuona aibu, na hata leo sioni. Ng'ombe si mwiko kwetu.

Lakini mkate wa Ba sikuwahi kuuoka Satellite. Kila aliponihitaji nilienda kwake, nikaoka jikoni mwake, kwa mikebe yake.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya themanini, Ba aliamua kufunga siku nane. Si kama kufunga kwetu. Siku nane maji ya kuchemshwa tu, na hayo mchana peke yake. Alikuwa amepita miaka sabini. Mwanawe alikataa, daktari akakataa, na Ba akawasikiliza wote kwa heshima, kisha akaanza. Kwao, siku ya kufungua, jamaa wote huja, na kila mmoja humlisha aliyefunga kitu kidogo kwa mkono. Ni baraka kwa anayelisha. Ba alisema baada ya maji ya choroko, kitu cha kwanza kutafunwa kiwe mkate wangu.

Aliniita kabla ya kuanza kufunga. Nilimkuta kwenye kiti chake cha upenu, mdogo kama mtoto.

"Wewe nakuja hapa, napika hapa," akasema. "Kumi na mbili. Watu mingi."

Ningesema ndiyo, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilikuwa na oveni. Nilikuwa na chumba kinachotazama barabara na jina langu limepakwa rangi juu ya mlango. Miaka yangu yote ya jikoni nilikuwa nimeokea kwenye oveni ya mtu mwingine. Ba alikuwa bado ananiita msichana na mimi nina watoto wanne.

"Ba, mimi iko na oveni yangu sasa," nikamwambia. "Nitaoka kwangu, naleta moto moto."

Akanitazama sana. "Safi?"

"Safi kuliko kanisa."

"Mimi hapana jua kanisa. Safi kama hii jiko yangu?"

Nikasema, "Safi kama hii jiko yako, Ba."

Hilo ndilo neno nililotoa. Alilichukua, akafunga siku nane juu yake.

Na mtu asifikirie nilifanya mzaha. Nilienda mjini mwenyewe, kwenye duka la viungo karibu na Biashara Street, nikachagua tende moja moja mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kuzioa. Nilinunua unga mpya na kuuchekecha mara tatu. Nilinunua sufuria mpya, mwiko mpya, chupa mpya ya mafuta ya mahindi. Siku tatu nyama haikupikwa nyumbani kwangu. Watoto walilalamika, nikawapa mboga ya sukuma. Kopo la mafuta ya Dagoretti nilimpelekea jirani akaniwekee kwake, nisiguse hata kwa bahati mbaya. Mikebe niliisugua kwa majivu na maji ya moto, nikaianika juani. Ilirudi inang'aa, nikaipaka mafuta ya mahindi kwa kitambaa kipya. Niliiona safi.

Kwa sababu chakula kilicholala Ba hakukila, nilianza saa kumi alfajiri. Agosti ya Nairobi, baridi ile inayoingia kwenye vifundo vya miguu. Kufikia saa moja na nusu mikate yote ilikuwa mezani, imepasuka katikati vizuri, inanukia ndimu na sukari nguru. Jirani mwenye pikapu ya mboga alinibeba. Tukashika barabara ya Waiyaki, tukapita Mountain View, ukungu bado umelala juu ya paa. Kapu lilikuwa mapajani mwangu. Lilikuwa na joto tulipotoka Satellite. Tulipofika Westlands lilikuwa baridi, na mimi nikafurahi, kwa sababu mkate uliopoa unakatika vizuri.

Nyumba ilikuwa imejaa viatu. Viatu langoni, viatu kwenye ngazi, na sebuleni wanawake wamekaa chini juu ya mashuka meupe wakiimba polepole. Ba nilimwona kupitia mlango. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha chini chenye kitambaa chekundu. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa tu. Aliniona akainua kidole kimoja, si mkono. Kidole tu.

Jikoni alikuwepo mkaza mwana wa Ba. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwoga wa kila mtu katika nyumba ile, na mimi nilikuwa nimemlelea watoto wake wawili. Alikuwa ameamka saa tisa kupika, uso umevimba. Nikakata mkate wa kwanza. Ile ncha, kipande cha mwanzo chenye ukoko pande nyingi, nikampa.

"Onja, mama," nikasema. "Hujatia kitu tumboni tangu usiku."

Alikataa, akasema wageni kwanza. Nikamshurutisha. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba ile aseme ni mzuri kabla haujaenda sebuleni. Akautafuna akiwa amegeukia dirisha, haraka, kama mwizi, akasema, "Hii imeshinda zile za hapa." Chembe moja ilibaki kwenye upindo wa sari yake, begani. Nikacheka. Nilijisikia mrefu kama mnara.

Akapanga vipande vya mkate wa kwanza kwenye sinia la fedha, akaenda nalo sebuleni. Mimi nikachukua mkate wa pili, nikaugeuza kichwa chini ili nikate upande laini.

Pembeni chini, pale mkate ulipokuwa umekaa kwenye kona ya mkebe, kulikuwa na mstari mweupe.

Mwembamba kama uzi. Nilidhani ni unga. Nikaukwangua kwa ukucha ukatoka, ukabaki kwenye kidole, nikausugua na kidole gumba. Unga hauyeyuki kwa joto la kidole. Huu uliyeyuka, na ulipoyeyuka ukanipa harufu ninayoijua kuliko harufu ya watoto wangu.

Mafuta ya mahindi hayagandi. Hata Agosti. Hata kule Limuru kwenye baridi kubwa hayagandi.

Nikageuza mkate wa tatu. Mstari. Wa nne, mstari. Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mikebe ile haikuchomelewa. Fundi alikunja bati kwenye kona, mkunjo juu ya mkunjo, na ndani ya mikunjo ile kulikuwa na miaka mitatu ya Dagoretti. Majivu hayakufika, jua halikufika. Moto wa oveni ulifika. Ulikuwa umeyayeyusha yakatoka polepole yakaingia kwenye mkate, na baridi ya barabara ya Waiyaki ikayafanya meupe niyaone.

Sebuleni kuimba kulikoma.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nimejisifu maisha yangu yote kwamba mimi ni mtu wa kusema. Nilisimama. Nikafikiri mambo mawili. La kwanza, kwamba hakuna mtu angejua. Mstari ule mtu angesema ni unga. Ba angekula kipande cha ukubwa wa kucha, angefurahi, angekufa siku yake ikifika akidhani mdomo wake ni safi. Na Mungu wao, na Mungu wangu, wangejua mimi sikukusudia. La pili, kwamba nikisema, mikate kumi na miwili itakuwa uchafu, jina langu litakuwa uchafu, na yule mwanamke mwenye chembe begani atakuwa nini?

Halafu nikakumbuka zile soli nne za kiatu alizokula Ba bila kulalamika.

Nilienda na kisu mkononi, sikukumbuka kukiweka. Mwanawe wa kiume ndiye alikuwa wa kwanza kulisha. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, kipande kidogo kati ya vidole viwili, na Ba alikuwa ameinamisha kichwa kama ndege. Maji ya choroko alikuwa ameshayanywa, bakuli lilikuwa pembeni. Mkaza mwana alikuwa amesimama nyuma na sinia.

Nikasema, "Ba, usile."

Watu wote wakageuka. Walimwona mfanyakazi wa zamani, aproni, kisu.

Mwanawe hakusimama. Akasema kwa sauti ya chini sana, ile ya mtu mwenye wageni, "Rudi jikoni."

"Ba, usile. Iko mafuta ndani, ya ng'ombe."

"Nimesema rudi jikoni. Tutaongea baadaye." Na vidole vyake havikushuka. Nadhani hata yeye alikuwa anahesabu. Jamaa kutoka miji mitatu wamekaa pale. Mama hajala siku nane. Afadhali kipande kiingie mdomoni na mambo yaishe. Simlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza hivyo hivyo dakika moja kabla.

Ba akafunga mdomo. Akausogeza mkono wa mwanawe kwa kidole, polepole, kama anavyohamisha sisimizi. Akaniuliza mimi.

"Ya maziwa, ama ya kuchinja?"

"Ya kuchinja, Ba. Ya Dagoretti. Haiko kwa unga, iko kwa mkebe. Nilisugua, ikabaki ndani ya kona. Mimi sikujua, sasa najua."

Mama mmoja mzee aliyeelewa Kiswahili akaweka upindo wa sari mdomoni. Mwingine akauliza, akatafsiriwa, na nikaliona neno likipita chumbani, kutoka uso hadi uso. Mwanawe alikuwa anaangalia kipande kilichokuwa vidoleni mwake kana kwamba kimemng'ata. Hakujua akiweke wapi.

Ba hakupandisha sauti. Sidhani alikuwa na nguvu ya kuipandisha. Akasema, "Nani nakula tayari?"

Wageni walikuwa bado hawajagawiwa. Mimi sikuangalia sinia. Niliangalia miguu ya yule mwanamke aliyelishika, pete za vidole vya miguu, na nikaona vidole vimejikunja vikishika shuka. Alikuwa ameolewa kutoka nyumba ya kawaida akaja nyumba ile kubwa, na kila siku kwa miaka kumi na sita alikuwa anapimwa. Kula kabla ya mama mkwe kufungua, peke yake jikoni, lilikuwa kosa tosha. Kula ng'ombe! Wasingemfukuza. Wangemweka pale pale, na kila sahani atakayoshika wangeitazama. Na mimi ndiye niliyemshurutisha.

"Mimi peke yangu, Ba," nikasema. "Nilionja jikoni. Hakuna mwingine."

Nilisema ukweli na uongo ndani ya nusu saa moja, kwa mdomo ule ule, mbele ya mtu yule yule. Kanisani kwetu hutufundisha kwamba uongo ni uongo. Sikuwahi kuutubu ule.

Ba alinitazama. Halafu alitazama kwa muda mfupi tu mahali fulani juu ya bega la mkaza mwana wake. Sijui aliona nini, na sikuthubutu kuangalia kama ile chembe ilikuwa bado ipo.

"Chukua yote," akaniambia. "Enda."

Sinia nililimimina kapuni mwenyewe. Mwanawe alinifuata hadi mlango wa nyuma, akaniambia nisirudi tena katika nyumba ile, na kwamba nilikuwa nimemwaibisha mama yake siku ya heshima yake kubwa kuliko zote. Nikamjibu kwamba nimemwaibisha yeye, mama yake nimemwokoa. Si jibu la kutolewa na mtu aliyekosa, lakini nimeshasema mimi ni wa namna gani. Akafunga mlango.

Kwenye bomba la uani nilimkuta mkaza mwana ameinama, ananawa mdomo. Ananawa, anatema, ananawa tena. Maji yalikuwa yamelowesha sari mpaka magotini. Hakunigeukia.

"Kwa nini ulisema?" akauliza. Akatema. "Na kama ni kusema, kwa nini hukusema yote?"

Nikamwambia maji ni baridi, ataugua.

"Sasa nabeba hii peke yangu," akasema.

"Tunabeba wawili, mama."

"Wewe unakula nyama kila siku. Wewe unabeba nini?"

Nilichukua kapu langu nikaenda. Nimetukanwa sana katika maisha, na wakubwa, na askari wa jiji, na wenye nyumba. Hakuna tusi lililonichoma kama lile swali, na halikuwa tusi.

Mikate kumi na mmoja na vipande ililiwa Satellite siku hiyo hiyo. Niliigawa bure. Wakasema sijawahi kuoka kitu kitamu namna ile, wakauliza kama nitaanza kuuza. Mimi sikuitia mdomoni. Mikebe nilimrudishia fundi, nikamwambia haioshiki mpaka ndani ya mikunjo, akaicheka hoja yangu. Akaniambia, "Mama, mkebe ukioshwa mpaka ndani ya mikunjo si mkebe tena, ni bati." Nikamwambia basi anipe bati.

Mwaka mzima haukuja ujumbe kutoka Westlands. Niliendelea na kazi. Watu wengine watakwambia waliteseka moyo hawakulala. Mimi nililala, nilikuwa nachoka. Lakini nikikoroga unga nilikuwa nikisikia, Safi? Safi kama hii jiko yangu? Na nilikuwa najibu kwa sauti, peke yangu, kama mwenda wazimu.

Agosti iliyofuata dereva wao akasimama mbele ya chumba changu. Akasema Ba ananiita, na akasema aliyefunga mwaka huu si Ba. Ni mkaza mwana. Siku nane, maji tu. Hakuna aliyemwomba. Mume alishangaa, jamaa walimsifu, walisema nyumba ile imepata mke mwenye ibada, ameiga mama mkwe. Dereva aliniambia kama habari njema. Mimi nikakumbuka bomba la uani.

Nilienda mjini nikanunua mikebe kumi na miwili, ya kiwandani, isiyo na mikunjo wala kona kali. Kona zake ni duara unaweza kupitisha kidole. Sikuipeleka Satellite hata dakika moja. Kutoka dukani moja kwa moja hadi Westlands. Nikaichemsha kwenye jiko la Ba, Ba amekaa kwenye stuli mlangoni anatazama. Nikaipaka mafuta ya mahindi. Nikaipitisha motoni, nikaipaka tena. Alfajiri ya siku ya kufungua nikaoka pale pale, kwa oveni yake, mikate miwili miwili, saa tatu nzima. Oveni yangu ilikuwa Satellite, na jina langu juu ya mlango, na sikuitaja.

Ba aliinuka mara moja tu, akapitisha kidole ndani ya mkebe mmoja, akakinusa. Akarudi stulini.

"Wewe nazeeka," akaniambia. Tangu siku hiyo hakuniita msichana.

Sebule ilikuwa ile ile, viatu vile vile, wimbo ule ule. Kwenye kiti cha chini chenye kitambaa chekundu alikuwa amekaa yule mwanamke, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Safari hii Ba alisema mkate nilete mimi mwenyewe, mzima, haujakatwa. Mwanawe alikuwa pale, akageuza uso ukutani, lakini hakunifukuza. Nikapiga magoti na sinia. Ba akamega kipande kidogo kwa vidole vyake, akamsogezea mkaza mwana mdomoni.

Hakufungua mdomo. Aliniangalia mimi.

Watu walidhani ni udhaifu wa njaa. Mmoja akasema mpeni maji kwanza. Mkono wa Ba ulikuwa hewani, unangoja.

Nikaushika ule mkate kwa mikono miwili nikaugeuza kichwa chini, mbele ya wote, nikauinamisha aone. Kona hii. Kona hii. Upande wote, kahawia, mkavu. Ilikuwa Agosti, baridi ya kugandisha chochote.

Alitazama kona zote nne. Halafu akafungua mdomo.